Talaka Kwanza: Kuhamisha Vifaa vya Zigbee Kutoka Kiboksi cha Zamani

Saa tano za asubuhi, nimekaa kwenye kipandio cha ngazi katika nyumba moja ya Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja. Kazi ni kuhamisha vifaa vya Zigbee, yaani vidude vya nyumbani vinavyoongea kwa redio bila waya, kutoka kiboksi cha zamani kinachoviongoza kwenda mfumo mpya. Kompyuta iko mapajani, kihisi cha mlango, kile kinachotambua mlango ukifunguliwa, kiko kiganjani. Nimekibonya kitufe chake sekunde tano, kikakonyeza taa ya buluu mara tatu kama inavyotakiwa, na kwenye kompyuta hakuna kitu. Nikarudia. Kikakonyeza tena, kompyuta kimya. Mara ya tatu nikamsikia Bi Mkubwa mwenye nyumba anaita kutoka juu: "Fundi! Simu yangu inasema kifaa kipya kimepatikana. Nibonye wapi?"

Simu yake bado ilikuwa na programu ya mfumo wa zamani, na ukurasa wa kuongeza kifaa ulikuwa wazi. Niliuacha mimi mwenyewe nilipokuwa nikimwonyesha kitu dakika chache kabla. Kila nilipokiriseti kihisi, yaani kukifuta kumbukumbu kianze upya, kiboksi cha zamani kilichokuwa juu ya kabati kilikiita, nacho kikaitika. Nikamweleza hivyo. Akashuka ngazi taratibu, akakitazama kile kidude. "Hapa simu imeandika 'oanisha'," akasema. "Sasa wewe unakioanisha vipi, na yule wa kwanza hajatoa talaka?"

Nimefundisha vijana wanne kazi hii kwa michoro na mishale. Hakuna mchoro uliowaingia kama sentensi hiyo, na tangu siku ile ndiyo ninayoanzia.

Kifaa cha Zigbee kinapoingia kwenye mtandao hupewa mambo matatu na kuyaweka kwenye kumbukumbu yake: namba ya mtandao, chaneli (njia ya mawimbi yake), na ufunguo wa siri wa kusomea ujumbe. Ukitoa betri, hayafutiki. Ukizima umeme mwezi mzima, hayafutiki. Ukileta kiboksi kipya cha bei mbaya ukakiweka mezani, kifaa hakina habari nacho. Kitaendelea kumwita yule wa zamani hata akiwa jalalani. Kwa hiyo kifaa kisichoonekana kwenye mfumo mpya, mara nyingi si kibovu. Kina mwenyewe. Watu wamenirushia vihisi wakisema vimekufa, nikaondoka navyo bure, na mpaka leo vinafanya kazi nyumbani kwangu.

Nyumba yenyewe ni ya wageni, vyumba sita, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba kwenye dirisha mtu anakaa na kunywa chai yake. Vifaa vilikuwa 31: globu 12, swichi za ukutani 6, vihisi vya mlango na dirisha 5, vya mwendo 3, vya joto na unyevu 4, na kufuli moja ambalo nitalifikia mwisho. Kazi kubwa ya mfumo huo ilikuwa kuzima kiyoyozi mgeni akifungua dirisha, maana wageni hupenda upepo wa bahari na baridi ya kiyoyozi kwa pamoja, na bili anailipa Bi Mkubwa. Kampuni ya kiboksi cha zamani ikatangaza kwamba inafunga seva zake, yaani kompyuta zake za mtandaoni. Bila seva, kiboksi hakifungui hata ukurasa wa mipangilio. Tukaamua kuhamia Home Assistant, programu ya kuongoza vifaa vya nyumbani, kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, vifaa vya Zigbee vikipitia programu ya Zigbee2MQTT na kijiti cha USB cha Sonoff chenye antena. Hapo hakuna seva ya mtu. Kila kitu kinakaa ndani ya nyumba.

Usikizime cha zamani

Hili nimelijifunza kwa jasho. Miaka michache nyuma, kwenye nyumba moja ya Mbweni, nilianza kwa kukisafisha kiboksi cha zamani ili mwenye nyumba amgawie shemeji yake. Nilijiona mtu wa mpango. Kumbe nilikuwa nimewaacha vifaa 23 wanyonge: mwenye kuwapa ruhusa hayupo tena, na kila kimoja ikabidi kirisetiwe kwa mkono. Viwili vilikuwa globu za darini, mita nne kutoka chini, juu ya ngazi ya mbao ya kuazima. Kazi ya asubuhi moja ikala siku moja na nusu, na sikuthubutu kudai pesa ya ziada.

Kwa hiyo, maadamu cha zamani kinapumua, kitumie. Kwanza piga picha za skrini: majina ya vifaa, vyumba vyake, na kila kanuni ya "dirisha likifunguliwa, fanya hivi". Mfumo mpya haurithi kanuni hizo. Utaziandika upya, na hutazikumbuka zote. Kisha ondoa kifaa kimoja kimoja ndani ya programu ya zamani. Ukibonya kufuta, kiboksi hutuma amri ya kuondoka, na kifaa kikiisikia hufuta kumbukumbu yake chenyewe na kuanza kutafuta mtandao mpya.

Neno zito hapo ni *kikiisikia*. Kifaa cha betri kinalala karibu muda wote ili betri idumu. Ukikifuta kikiwa usingizini, kiboksi kitakwambia kimeondolewa, orodha itakuwa safi, na kifaa chenyewe hakina habari. Nikamwambia Bi Mkubwa kwamba hii ndiyo talaka aliyopewa aliyelala. Akasema, "Basi mwamshe." Ndivyo hasa: shika kihisi mkononi, kibonye kitufe mara moja mara moja, kila sekunde au mbili, na wakati huohuo mwenzako abonye kufuta kwenye simu. Sisi tulifanya hivyo kwa vihisi 12 vyote. Kumi vikaachika vizuri, viwili vikakataa, vikarisetiwa kwa mkono.

Ukimaliza kifaa, funga programu ya zamani kabisa. Usiache ukurasa wa kuongeza kifaa wazi. Mnajua kwa nini.

Mume akiwa hayupo

Kiboksi kimeungua, kimeibiwa, au akaunti ilikuwa ya fundi aliyekwenda Muscat na hapokei simu. Hapa hakuna wa kutoa talaka, ndoa inavunjwa kwa nguvu: unakiriseti kifaa chenyewe. Shida ni kwamba kila mtengenezaji ana njia yake.

Vihisi vya Aqara: kitufe kidogo, sekunde tano, taa ya buluu ikonyeze mara tatu. "Eda yake sekunde tano tu?" akauliza Bi Mkubwa. Tano tu.

Globu za IKEA hazina kitufe. Unawasha na kuzima umeme mara 6 mfululizo, haraka lakini si kwa pupa, na ukimaliza globu hukonyeza. Sasa tazama mtego: kama swichi moja ya ukutani inawasha globu nne, umeziriseti zote nne. Zifungue tatu kwanza. Na kuna mtego wa pili unaotuhusu sana huku kwetu: umeme ukikatikakatika mara kadhaa kwa sekunde chache kabla haujatulia, globu za namna hii huweza kudhani ni wewe unaziriseti. Asubuhi unakuta taa mbili zimetoka kwenye mfumo peke yake na mwenye nyumba anakutazama kwa jicho la "uligusa nini?" Hukugusa kitu. Zioanishe tena, yaishe.

Globu za Philips Hue ni za kiburi. Kuwasha na kuzima hakuzisumbui. Njia niipendayo ni rimoti yao ya vitufe vinne: isogeze karibu kabisa na globu inayowaka, bonya kitufe cha kuwasha na cha kuzima kwa pamoja, shikilia sekunde kama kumi mpaka globu ikonyeze. Ninayo rimoti moja ya namna hiyo kwenye mkoba, haijawahi kuwasha taa ya mtu, kazi yake ni hiyo tu. Zigbee2MQTT nayo ina ukurasa unaoitwa Touchlink unaoweza kufanya kazi kama hiyo bila rimoti, ingawa si kila kijiti kinaimudu. Ukitaka kuujaribu, ifungie globu kwenye taa ya mezani, isogeze hadi shubiri moja au mbili kutoka kwenye kijiti, na nyingine zote ziwe zimezimwa. Nimeona kijana wangu akiufanya kutoka chumba cha pili na kulalamika kwamba haufanyi kazi.

Swichi za ukutani nyingi, hasa zile za Kichina zinazouzwa bila jina, ni kushikilia kitufe chenyewe cha kuwashia kati ya sekunde tano na kumi mpaka taa yake ndogo ianze kukonyeza mbiombio.

Kabla ya kifaa cha kwanza

Watu hukimbilia kuoanisha. Subiri. Kuna mambo mawili ukiyakosea sasa utayarudia kwa vifaa vyote baadaye.

La kwanza ni chaneli. Zigbee na Wi-Fi ya kawaida wanaishi mtaa mmoja, 2.4 GHz, ila Wi-Fi ni lori na Zigbee ni baiskeli. Zigbee ina chaneli 16, kuanzia 11 hadi 26. Zigbee2MQTT usipoigusa hukaa kwenye 11, na hiyo inaangukia ndani kabisa ya chaneli 1 ya Wi-Fi. Pale Kiponda, nikiwa ukumbini, simu yangu iliona mitandao ya Wi-Fi ya nyumba za wageni tano za jirani bila kutafuta. Nafasi zilizobaki kati ya malori ni chaneli 15, iliyo kati ya Wi-Fi 1 na 6. Chaneli 20, kati ya 6 na 11. Na 25 na 26, zilizo nje ya Wi-Fi 11. Ile 26 baadhi ya vifaa huipenda kwa shida, kwa hiyo mimi huchagua 25. Kisha naingia kwenye ruta ya mwenye nyumba, naitoa kwenye kujichagulia chaneli yenyewe, naifunga kwenye 1. Ruta ikiachwa ijichagulie, siku moja itahamia 11 au hata 13, na utaitwa kuja kutengeneza kitu ambacho hukukiharibu.

Chaneli ukiibadilisha baada ya kuoanisha, vifaa vya umeme wa ukutani vingi hufuata, vya betri vingi hubaki nyuma vimelala. Ndiyo maana nasema leo, si kesho.

La pili ni mahali pa kijiti. Raspberry Pi 4 ina matundu ya USB ya buluu na meusi. Ya buluu ni USB 3.0, na USB 3.0 ikifanya kazi hutoa kelele kwenye masafa yaleyale ya 2.4 GHz. Kijiti ukikichomeka moja kwa moja hapo, kwenye kompyuta kinaonekana kizima, kinawaka, lakini hakisikii. Ni sawa na kumweka mtu mbele ya spika ya harusi umwambie asikilize mlio wa mbu. Tumia tundu jeusi, na waya wa USB wa kurefushia, hata nusu mita, mita moja ni bora. Waya huo nilinunua Darajani kwa bei ya chai na chapati mbili. Katika simu zote ninazopigiwa za "kijiti kipya hakishiki chochote", dawa hii ndiyo niliyoagiza mara nyingi kuliko nyingine zote, na wengi hawapigi tena.

Na kijiti kimoja, programu moja. Usiwashe Zigbee2MQTT na ZHA, ile programu nyingine ya Zigbee ya Home Assistant, zote mbili juu ya kijiti kilekile ukidhani utachagua baadaye. Ya kwanza itakishika, ya pili italia.

Kuta, ngazi, na nani aanze

Sasa fungua mlango. Kwenye Zigbee2MQTT kitufe cha kuruhusu kujiunga hukaa wazi sekunde 254, dakika nne na kidogo, kisha hujifunga. Usijaribu kuulazimisha ukae wazi siku nzima. Ufunguo unaotumika kumkaribisha kifaa cha kawaida ni uleule duniani kote, neno *ZigBeeAlliance09*, na haufichwi; kinachokulinda ni mlango kufungwa. Kwenye mtaa ambao baraza za nyumba mbili zinagusana, globu ya jirani inaweza kuingia kwako bila nia mbaya ya mtu yeyote.

Anza na vifaa vinavyochomekwa kwenye umeme, kwa sababu hivyo ndivyo hupokezana ujumbe. Vya betri havibebi mzigo wa mwenzao. Ukianza na kihisi cha chumba cha juu kabisa, kitajaribu kusema na kijiti moja kwa moja kupitia kuta tatu za matumbawe, kitashindwa, na wewe utasema kibovu.

Globu hubeba ujumbe, lakini sizitegemei. Mgeni anazima swichi ya ukutani, globu inakufa, na kila kihisi kilichokuwa kikipitia kwake kinabaki yatima. Nilichofanya ni kununua plagi za ukutani tatu za Zigbee, zile za pini tatu za mraba, nikaziweka kwenye ngazi, moja kila ghorofa. Katika nyumba zile za zamani, ngazi ndiyo bomba la mawimbi. Ukutani hayapiti, darini, penye boriti na zege la chokaa, hayapiti, lakini kwenye uwazi wa ngazi yanapanda vizuri. Plagi ya chini nikaioanisha kwanza, nikiwa nayo mahali pake pa kudumu. Kisha ya kati, mahali pake. Kisha ya juu. Usiviunganishe vyote mezani karibu na kompyuta halafu ukavisambaze. Vya umeme vitajipanga upya, lakini vya betri, hasa vya Aqara, vina tabia ya kung'ang'ania aliyevipokea mara ya kwanza. Umevioanisha mezani, umevipeleka juu, na bado vinamlilia yule wa mezani.

Kwa hiyo vihisi vya ghorofa ya juu niliviongezea palepale milangoni, na mlango wa kujiunga niliufungua kupitia ile plagi ya juu pekee. Programu inakuruhusu kuchagua kifaa gani kipokee wageni. Kabla ya hapo kihisi cha chumba namba sita kilishaingia na kutoka mara nne. Baada ya hapo hakijatoka.

Kinaingia, lakini nusu

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Kifaa kimeonekana kwenye orodha, lakini jina ni namba ndefu ya kuanzia 0x, hakina picha, hakina joto wala mlango. Kuingia kwenye mtandao ni hatua moja. Baada yake kuna mahojiano: mfumo unakiuliza wewe ni nani, nani kakutengeneza, unaweza nini. Kifaa cha betri hujibu swali la kwanza, kinalala. Maswali yaliyobaki yanamkuta usingizini.

Dawa: kikishatokea tu kwenye orodha, anza kukigusa kitufe kwa wepesi, mguso mfupi, kila sekunde moja hivi, na usiache mpaka programu iseme mahojiano yamekamilika. Si kushikilia, maana ukishikilia umeriseti na umerudi mwanzo. Ni kugusa tu, kama unayempapasa mtoto asilale kabla hajala. Kile kihisi cha ngazini nilikigusa kama dakika nzima, Bi Mkubwa ananihesabia, tukafika sitini na kitu ndipo jina likageuka na alama ya mlango ikatokea. Akakifungua na kukifunga kwa sumaku mkononi mara kadhaa akiangalia skrini, kisha akaenda kupika.

Kikishindwa hata hivyo, pima betri. Usiamini kwamba ni mpya kwa sababu imetoka kwenye pakiti. Kidonge kipya, ile betri ndogo ya duara, kinatakiwa kisome volti 3 na zaidi kidogo kwenye multimita. Kikisoma chini ya 2.8 mimi hukiweka pembeni, maana kuoanisha kunakula umeme kuliko kazi ya kawaida na kidonge dhaifu hukata pumzi katikati ya mahojiano. Angalia pia namba. Kihisi cha mlango cha Aqara cha aina ile ya zamani kinataka CR1632, na duka litakupa CR2032 kwa sababu ndiyo iliyopo. Namba mbili za mbele ni upana kwa milimita, 16 dhidi ya 20. Haitaingia, na ukilazimisha utapinda bati. Halafu sisi tuko pwani: chumvi ya hewani huweka utandu kwenye bati la betri. Nautoa kwa ufutio wa penseli. Vihisi viwili vya pale vilipona kwa ufutio tu.

Jambo moja la kukuokoa kazi: kifaa kikitoka mtandaoni siku zijazo, usikifute kwenye orodha. Kioanishe tena kikiwa bado kimo. Kila kifaa kina anwani yake isiyobadilika tangu kiwandani, mfumo utakitambua, na jina pamoja na kanuni zake zote vitabaki. Anayefuta kwanza hulipa kwa kuandika kanuni upya.

Swichi zisizo na nyutro

Nilitarajia zile swichi 6 za ukutani zinibebee ujumbe, kwa kuwa zinatumia umeme. Nikafungua moja: kisandukuni mna laivu, waya unaoleta umeme, na waya wa kurudi kwenye taa; nyutro, waya unaokamilisha mzunguko wa umeme, hakuna. Nyumba nyingi zetu zimefungwa hivyo, kwa mtindo wa Kiingereza, nyutro inaishia kwenye taa. Swichi za kufanya kazi bila nyutro zipo, na hizi zilikuwa za aina hiyo, lakini kwa kawaida huishi kwa umeme wa kuibia kupitia taa, na hivyo hutengenezwa ziwe kama vifaa vya betri: hazipokezani ujumbe. Kwenye ramani ya mtandao zinaonekana pembezoni, hazina watoto. Ndiyo sababu iliyonifanya ninunue zile plagi tatu.

Na swichi hizo zikikataa kuoana huku taa ya LED ikiwaka hafifu hata ikiwa imezimwa, au swichi yenyewe inajizima-jiwasha, usishughulike na mtandao. Taa ni ndogo mno, swichi haipati umeme wa kutosha. Funga ile kapasita ndogo inayokuja kwenye boksi lake, sambamba na taa, upande wa taa. Zima sakiti breka kwanza. Nasema kwa sababu namjua mtu ambaye hakuzima.

Vya jamii nyingine, kwa ufupi

Vya Wi-Fi ndivyo rahisi kama utakumbuka jambo moja: vinafuata jina la mtandao na neno la siri. Ukibadilisha ruta, ipe jina lilelile na nenosiri la zamani, herufi kwa herufi, na vitarudi vyenyewe. Ikiwa ruta mpya inatumia ulinzi wa WPA3 pekee, irudishe WPA2, maana vingi vya bei nafuu haviijui WPA3. Vya kampuni ya Tuya, ukiviriseti na kuviunganisha upya, ufunguo wake wa ndani hubadilika, kwa hiyo kama uliuandika kwenye Home Assistant, uchukue upya.

Vya Matter, ile lugha ya pamoja ya vifaa vya kampuni mbalimbali, havihitaji talaka; mfumo wa kwanza ukiwa hai, unautaka ukupe msimbo wa kushiriki, na kifaa kinahudumia pande mbili. Bi Mkubwa alicheka sana kusikia hilo. Sitaandika alichosema.

Z-Wave, mtandao mwingine wa redio kama Zigbee, nayo ina talaka rasmi, na kizuri ni kwamba kidhibiti chochote cha Z-Wave kinaweza kuitoa, hata kile kipya ambacho hakijawahi kukiona kifaa. Ukikwama kuongeza kifaa cha Z-Wave, anza na kukiondoa ukitumia mfumo wako mpya, kisha kiongeze.

Ndipo tunafika kwenye kufuli. Mtoto wa Bi Mkubwa alilileta kutoka Toronto kwenye begi, zuri, la mlango wa mbele, la Z-Wave. Nilinunua kijiti cha Z-Wave cha Ulaya kwa ajili yake. Nikatoa talaka, hakuna. Nikabadili betri, hakuna. Nikakisogeza kijiti hadi kikaligusa kufuli, hakuna. Saa nzima baadaye nikasoma maandishi madogo nyuma ya kufuli kwa tochi ya simu: 908.42 MHz. Kijiti changu ni 868.42. Zigbee ni 2.4 GHz kila mahali, lakini Z-Wave ya Marekani na Kanada haisikilizani na ya Ulaya, ziwekwe karibu namna gani, na mimi sina namna ya kuligeuza. Likarudi Toronto mwezi uliofuata na mjukuu. Mlango wa mbele una komeo lake la zamani la chuma, na funguo anakaa nazo Bi Mkubwa kwenye upindo wa kanga.